Mama Aliyesikia Baridi Mchana

Kila alfajiri Asma alichota maji kwenye bomba la mtaa wao wa Nkuhungu, akafagia uwanja, akakoroga uji, ndipo akaenda shule. Tangu mdogo wake Imrani azaliwe, kazi hizo zote zilikuwa zake. Mama yake, Salha, ambaye zamani hakuna mwanamke mtaani aliyemshinda kwa wepesi, siku hizi alichoka hata kwa kusuka mkeka. Oktoba ile, jua la Dodoma likiunguza nyayo, yeye alijifunika blanketi mchana.

"Usimwambie mtu," alimwonya Asma. "Watasema nimekuwa mvivu."

Basi Asma alinyamaza. Mwalimu alipomuuliza kwa nini anasinzia darasani, alisema alichelewa kulala. Jirani alipomuuliza hali ya mama yake, alijibu, "Hajambo."

Siku moja Shangazi Mishi, dada mkubwa wa baba, aliwasili kutoka Kondoa. Alimkuta Salha amelala saa sita mchana, mtoto kifuani.

"Wifi yangu," alisema kwa huruma, "ulipata kisukari ulipokuwa na mimba ya mtoto huyu. Maziwa yako ndiyo yanayokumaliza, na mtoto unamnywesha sukari. Mwachishe. Siku hizi serikali imeruhusu bidhaa za nje, maduka yamejaa maziwa ya kopo."

Baba, mzee Harithi, aliuza vitenge sokoni. Alikuwa mtu mpole, hakuzoea kubishana na dada yake. Jioni alirudi na kopo la maziwa. Mama alimtazama Imrani akinyonya, machozi yakamtiririka.

"Mama, kesho si siku ya kliniki?" Asma alimnong'oneza. "Tumuulize nesi kwanza."

Asubuhi Mama hakuwa na nguvu za kumbeba mtoto. Asma aliomba ruhusa shuleni, akambeba Imrani mgongoni, wakaenda na Mama polepole mpaka kliniki. Nesi Loisi alimpima Imrani, akatabasamu.

"Mtoto anakua vizuri. Na wewe, Mama Asma, hujambo?"

"Sijambo," Mama alijibu haraka.

Mama alikuwa akimkazia Asma macho, lakini kama Asma angenyamaza, leo hii Imrani angeachishwa ziwa.

"Nesi, Mama anaumwa!" alisema. "Analala mchana kutwa. Anasikia baridi juani, na nywele zinamtoka. Shangazi anasema maziwa yake yana kisukari."

"Asma!" Mama alifoka, kisha akainamisha kichwa.

Nesi alifunga mlango. Akamgusa Mama shingoni, akamwambia ameze mate.

"Hapa pamevimba kidogo. Kuna tezi shingoni inayouendesha mwili. Ikilegea, mtu huchoka na kusikia baridi. Huo si uvivu, mama yangu. Kisukari je, umepimwa tena tangu ujifungue?"

"Hapana. Niliambiwa kimekwisha."

"Kwa wengi huisha, lakini kinaweza kurudi hata baada ya miaka. Upimwe kila mwaka. Na mtoto mnyonyeshe. Maziwa yako hayana kisukari, tena kunyonyesha kunaweza kukukinga nacho baadaye."

Aliwaandikia waende hospitali kubwa. Huko sukari ya Mama ilionekana nzuri, ila damu ya kupima tezi ilipelekwa Dar es Salaam. Majibu yalichelewa, lakini yalithibitisha maneno ya nesi. Daktari alimpa Mama vidonge vya kumeza kila asubuhi, akasema havimdhuru mtoto anayenyonya, na kwamba atahitaji kupimwa mara kwa mara kwa muda mrefu.

Nafuu haikuja kwa siku moja. Lakini mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, Mama alishika jembe akapanda karanga nyuma ya nyumba, huku akimwimbia Imrani. Shangazi Mishi, aliyekuwa amekuja tena kuwatembelea, alimtazama, akasema taratibu, "Wifi, nisamehe. Nilisikia watu wakisema hivyo, nami sikuuliza wanaojua."

Mama alimkumbatia. Kisha akamgeukia Asma.

"Nami nilikukosea, mwanangu. Nilikufundisha kuficha, ukabeba mzigo wangu mpaka ukawa unasinzia darasani. Ugonjwa si aibu. Ukiumwa, au ukimwona mwenzako anaumwa, sema kweli mbele ya mtu anayeweza kusaidia, hata kama mama yako amekukazia macho."