Nzuu Ndani ya Vyondo

Wavinya hakujua kukaa. Alisuka akitembea, kama akina mama wengi wa Kathiani, kiondo kikiwa kwapani na uzi wa katani ukipita vidoleni. Asubuhi hiyo alitoka jikoni hadi zizini, akatoka zizini hadi getini, akarudi. Alisuka mistari kadhaa, akaona imepinda, akaifumua. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Aliigusa kila mara, kama mtu anayepapasa jino bovu.

"Keti basi," alisema Ngui, mume wake, aliyekuwa akipukuchua mahindi. "Unanizungusha kichwa."

"Mzigo ulikuwa uende Ijumaa. Leo ni Jumanne na hakuna mtu amenipigia."

"Si ndege huchelewa?"

"Ndege zichelewe, na watu pia wakose simu?"

Mzigo huo ulikuwa vyondo vya kikundi chao cha akina mama. Kwa miaka mingi walimuuzia mnunuzi mmoja kutoka Nairobi. Alikuja na pikapu, akapanga bei peke yake, akaondoka akijifanya amewasaidia. Wavinya ndiye aliyewaambia wenzake waachane naye. Ndiye aliyempata mwenye duka huko Ujerumani, wakaelewana kwa simu. "Tutauza wenyewe," aliwaambia. Wengine walicheka. Wengine waliogopa. Mwishowe wote walikubali kwa sababu walimwamini.

Mwenye duka alitaka vyondo kwa soko la Krismasi. Vikichelewa, hangevitaka tena. Akina mama wangerudi kwa yule wa pikapu, na Wavinya angenyamaza kwenye mikutano maisha yake yote. Jambo hilo lilimkosesha raha hata kanisani.

Simu ililia. Alikuwa Hoodo, wakala wa forodha wa Machakos mjini. Hoodo alikuwa na leseni ya kuwaandalia watu karatasi za mizigo inayoingia nchini na inayotoka.

"Mama Kaluki, habari ya asubuhi. Mzigo wenu umesimamishwa pale uwanja wa ndege. Usiogope, lakini kuja ofisini tuongee."

Kuambiwa asiogope ndiko kulikomtia hofu. Aliweka kiondo juu ya kuni, akakichukua tena, akakiweka.

"Mpigie Mutinda," Ngui alisema haraka. "Yeye anajua watu huko."

Mutinda alikuwa jirani yao. Alijua watu kila mahali, na hakuna aliyewahi kuwaona watu hao. Wavinya alimpigia akiwa njiani kwenda stendi.

"Hiyo ni maneno ndogo," Mutinda alisema. "Mtu wangu atatoa hiyo mzigo kwa mlango ya nyuma. Wewe tuma kitu kidogo ya chai. Na wakikuuliza chochote, sema hujui."

"Nisijue nini? Hata hawajaniuliza."

"Chochote! Wewe sema tu hujui."

Ofisi ya Hoodo ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la baba yake, mzee Diriye, mfanyabiashara wa ngozi za mbuzi. Hoodo alikuwa binti mpole, lakini siku hiyo hakutabasamu. Alimpa Wavinya kiti. Wavinya alibaki amesimama.

"Mama, nikuulize na unijibu ukweli. Ulinipa picha za vyondo. Ukaniambia ni vikapu vya katani, hakuna kitu ingine."

"Ndiyo."

"Ndani yake kulikuwa na nini?"

Wavinya alitazama dirishani. "Hakukuwa na kitu. Ni nzuu kidogo tu. Kiganja kimoja kwa kila kiondo."

Nzuu ni mbaazi. Hoodo alifumba macho kidogo, akayafungua.

"Mbona hukuniambia?"

"Sikuona ni kitu ya kuambia mtu! Kwetu kiondo haipewi mtu ikiwa tupu. Hiyo ni kumtakia njaa. Susu Mbinya, yule bibi mzee wa kikundi, alisema tuweke nzuu ndio biashara iwe na baraka. Kwani baraka pia inalipiwa ushuru?"

"Hapana, mama. Shida si ushuru." Hoodo alivuta kiti chake karibu. "Sikiza. Kila mzigo unaotoka Kenya unatoka na karatasi. Kuna ankara, inasema unauzia nani na kwa bei gani. Kuna orodha ya kilicho ndani ya kila sanduku. Kuna cheti cha asili, kinaonyesha vitu vimetengenezwa hapa. Halafu mimi naandika tamko la forodha kwa mtandao. Hizi zote lazima ziseme kitu moja, na mzigo wenyewe useme hivyo hivyo."

"Na wetu ulisema nini?"

"Karatasi zilisema vikapu. Sanduku likafunguliwa, likasema vikapu na mbegu. Kwa forodha hiyo ni kuficha, hata kama wewe hukutaka kuficha. Na mbegu ziko na sheria yake. Mbegu haivuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea. Wakaguzi lazima waone haina wadudu wala ugonjwa."

Sasa Wavinya alikaa.

"Watavichoma?"

"Wanaweza. Ama tuombe ruhusa tuvitoe pale, tuvisafishe, vikaguliwe tena. Lakini itabidi uandike ukweli: ni nani aliweka, aliweka nini, na kwa nini."

Simu ililia tena. Mutinda. "Mtu wangu yuko tayari," alisema. "Lakini anataka jibu saa hii."

Wavinya alimtazama Hoodo. Kwa dakika moja Wavinya aliitamani sana ile njia ya Mutinda. Ilikuwa fupi, na mtu mwenye wasiwasi hupenda kitu kifupi. Kisha aliwaza: akitoa rushwa leo, mzigo wa pili atafanyaje? Na akidanganya, jina litakaloandikwa huko ni la kikundi. Litakuwa la akina mama wote, wala si la Mutinda.

"Mwambie mtu wako aendelee na kazi yake, hatumhitaji," alisema, akakata simu. "Hoodo, nipe kalamu."

Kuandika barua hakukuwa kugumu. Kilichokuwa kigumu ni kumwambia Mbinya.

Mbinya ndiye aliyewafundisha wote kusuka. Alimsikiliza Wavinya mpaka mwisho, huku akisokota katani pajani. Akina mama wengine walimtazama yeye tu.

"Kwa hivyo mimi ndio nimeharibu," Mbinya alisema.

"Hapana, susu. Tuliweka sisi wote. Na mimi ndio nilienda kwa Hoodo na sikusema."

"Na sasa unataka tutume vyondo tupu. Huyo mzungu ataona sisi ni watu wa aina gani?"

"Tusipotoa nzuu, hataona kiondo hata moja!" Wavinya alipaza sauti, kisha akaona aibu. "Nisamehe, susu. Naogopa. Nimewaingiza kwa hii kitu na naogopa."

Mbinya alikunja katani yake, akaingia nyumbani. Wavinya alirudi kwake akiamini kwamba amempoteza.

Ruhusa ilipotoka, masanduku yalihamishiwa kwenye bohari moja Syokimau. Akina mama wachache walikwenda kusafisha. Mbinya alikuwa wa kwanza kufika stendi asubuhi, amevaa kitambaa chake cha kanisa kichwani. Hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu.

Bohari ilikuwa na joto. Mkaguzi wa afya ya mimea aliitwa Nzioka, kijana mwenye glavu na tochi. Wavinya alizunguka meza, akashika sanduku hili, akaliacha, akashika lile. Nzioka alimimina mbaazi za kiondo kimoja juu ya karatasi nyeupe.

"Kujeni muone," alisema.

Walisogea. Mbaazi kadhaa zilikuwa na vitobo vidogo vya mviringo. Kwenye kitobo kimoja kichwa cheusi kilichungulia. Kisha mdudu akatoka mzima, akaanza kutembea kwenye karatasi bila haraka.

Mbinya aliinama, pua karibu iguse meza.

"Huyu namjua," alisema. "Mwaka jana aliingia kwa gunia yangu. Alikula nzuu yote akaniachia unga. Akatoka akaenda kwa jirani." Aliinuka pole pole, akamwangalia Nzioka. "Huko kwa huyo mzungu, huyu mdudu yuko?"

"Huenda hayuko, susu. Ndiyo maana tunamzuia hapa. Akifika kwa shamba ya watu huko, kumtoa ni kazi ngumu. Na wao pia wanazuia yao isije kwetu."

"Basi tungempelekea mtu njaa ndani ya zawadi," Mbinya alisema. Akavua leso ya mabegani, akakunja mikono ya rinda. "Leteni hizo sanduku."

Walifanya kazi mpaka migongo ikauma. Kila kiondo kiligeuzwa, kikapigwa chini, kikachunguzwa mishono kwa tochi. Mbaazi zote zilikusanywa kwenye mfuko uliofungwa, Nzioka akazichukua kwenda kuchomwa. Alikagua vyondo upya, akaridhika, akavitolea cheti. Hoodo alirekebisha karatasi, na safari hii kabla ya kutuma alikuja kuona kila sanduku kwa macho yake.

"Tangu leo," alimwambia Wavinya, "sitaandika karatasi ya mzigo sijauona. Hilo lilikuwa kosa langu."

"Na mimi nitakuambia kila kitu, hata kama ni uzi."

Vyondo viliondoka. Wavinya hakupata usingizi mzuri mpaka mwenye duka alipotuma picha: vyondo vimepangwa kwenye meza, taa za Krismasi zikiwaka juu yake. Wavinya alimwonyesha kila mtu picha hiyo, hata muuza mboga ambaye hakuuliza. Kabla ya mwaka mpya, duka liliagiza vingine. Yule wa pikapu alipokuja, alipewa chai na akaondoka na gari tupu.

Siku ya kufunga mzigo wa pili, akina mama walikutana kwa Wavinya. Hoodo alikuwepo na kalamu yake. Kaluki, binti ya Wavinya, alisoma orodha kwa sauti. Mbinya ndiye aliyekagua. Aligeuza kila kiondo, akakipiga kitako, akasikiliza, akakipitisha mbele.

Alipofika kwenye cha mwisho, alisita. Alikishika mapajani, na mkono wake mwingine ukaingia ndani ya kiondo, ukakaa humo, kama unaoweka kitu. Wavinya, aliyekuwa akizungukazunguka tangu alfajiri, alisimama.

Mbinya alitoa mkono. Alimwonyesha Wavinya kiganja kitupu, kisha akampa kile kiondo.

"Funga, mwanangu," alisema. "Na oda ingine ikija, ni wewe utatuongoza."