Kidole Gumba cha Mwalimu Ghalib

Mwalimu Ghalib wa Baleni aliamka kabla ya alfajiri, akatawadha, akaenda msikitini akichechemea. Alikuwa imamu kwa miaka kumi. Lakini mwaka ule, enzi za Mdachi, kila alipokaa tahiyatu, kile kikao cha kwenye swala ambacho vidole vya mguu wa kulia hukunjwa chini, kidole gumba cha mguu huo kilimuuma mpaka jasho likamtoka. Kilikuwa kimevimba kwenye kiungo, kimepinda upande, na hakikunjiki.

Basi akawa anaharakisha. Watu hawajamaliza kusoma, yeye ameshatoa salamu. Nyuma yake Kombo, seremala wa kijiji, alikohoa, na Ghalib alijua maana ya kikohozi kile.

Jambo moja lilimvuruga akili. Akilala, hakiumi. Akikaa kibarazani, hakiumi. Akitembea, huuma kidogo tu. Kwenye swala ndiko kinakowaka moto. Kwa nini pale? Au swala zake hazikubaliwi na Mungu? Hakuthubutu kumwambia mtu.

Mkewe Sihaba hakuwa na shaka. "Tekenya huyo," alisema.

Tekenya, wadudu wa kuingia kwenye ngozi ya miguu, walikuwa wageni kisiwani, na kila uvimbe wa mguuni walisingiziwa wao. Sihaba akachukua mwiba wa mlimau, akachimba. Hakutoka tekenya, ilitoka damu. Siku ya tatu ukatoka usaha.

"Labda ameingia ndani zaidi," Sihaba alisema, akautafuta mwiba wake.

"Mwiba huo uweke mbali nami, mke wangu."

Akaitwa jirani yao Ameir, aliyewahi kufunga vidonda hospitalini Dar es Salaam.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Ameir akakishika kidole, akakisukuma juu taratibu. Mwalimu akamng'ang'ania bega.

"Hapa hapana tekenya," Ameir alisema. "Tekenya hukaa kwenye ngozi. Ugonjwa wako uko kwenye kiungo. Mifupa miwili inakutana hapa, na katikati pana kitu laini cha kuifanya iteleze. Chako kimelika. Sasa mfupa unasaga mfupa, na juu umeota mfupa mwingine."

"Mbona kinauma kwenye swala?" Ghalib aliuliza.

"Kwa sababu ukikaa tahiyatu unakikunja kwa nguvu. Ukichuchumaa shambani kitauma vilevile."

Ghalib alitaka kufurahi, ila hakujua kama aamini.

"Na dawa yake?"

"Wengine hupumzika, huvaa makubadhi mapana, wakapata nafuu. Chako kimeharibika mno. Daktari atakulaza kwa dawa ya usingizi, apasue, aondoe mfupa ulioota na kipande kidogo cha mfupa wa kidole. Kidole chenyewe hakikatwi. Lakini kwanza kidonda hiki kipone. Penye usaha hapapasuliwi."

Sihaba aliinama.

"Kitarudi kama zamani?" aliuliza.

"Hapana. Kitakuwa kifupi kidogo, na nguvu zitapungua. Lakini kitakunjika, na maumivu yatapungua sana."

"Na mpaka hapo niswali vipi?" Ghalib aliuliza.

"Mgonjwa huswali anavyoweza. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mwalimu akaona haya.

Kidonda kilipokauka, mume na mke walivuka bahari kwenda Dar es Salaam. Ghalib alipozinduka hakujua yuko wapi. Aliona mguu umefungwa vitambaa, akaogopa kuuliza.

"Vidole vipo vyote vitano," Sihaba alimwambia. "Nimemuuliza daktari mara tatu."

Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili. Kisha kila siku Sihaba alikikunja kidole kwa mkono, kidogo kidogo, kama alivyoagizwa. Mwiba ule ulikuwa bado unamuumiza moyo, kwa hiyo hakukosa hata siku moja.

Baada ya miezi mitatu, Ghalib aliongoza swala ya Ijumaa. Akakaa tahiyatu, akakikunja kidole, akasubiri maumivu. Hayakuja. Akasubiri tena. Alikuwa amezoea kukimbia pale, sasa hakujua la kufanya. Akakaa, akakaa, mpaka Kombo akasema nyuma yake, "Subhanallah," kama anavyokumbushwa imamu aliyesahau.

Mwalimu akatoa salamu, kulia na kushoto, na wote wakaona ndevu zake zimelowa machozi.