Chui Aliyegeuza Shingo

Jua lilikuwa linazama nilipoitwa kwenye jumba la watawala. Nilichukua sindano na uzi wa manjano, nikambeba binti yangu mgongoni.

Nembo ya ukoo ule ni chui. Kila mtoto wao hufunikwa blanketi lenye chui niliyemtarizi mimi, anatazama mbele. Chui akigeuza shingo mwenyewe akatazama nyuma, mwenye blanketi hamalizi wiki.

Bibi wa jumba alinipokea mlangoni. Mjukuu wake, mrithi wa kiti, alikuwa kitandani akihema juujuu. Chui wake alikuwa anatazama nyuma.

"Fumua kichwa, mwanangu," Bibi alininong'oneza. "Ushone upya, kitazame mbele. Nyuzi za zamani zichomwe. Usibaki hata mmoja."

Nikafumua. Nyuzi zilikuwa na joto. Zilinuka manyoya yaliyolowa.

Krr... krr...

Sauti ilitoka kwenye blanketi.

Nikaendelea kufumua. Bibi akampokea binti yangu, akampa maziwa, akamchekesha. "Mashavu gani haya! Si mtu atayala!" Mkubwa kama yule, anambembeleza mtoto wa fundi. Machozi yalinilengalenga.

Nilipofunga fundo la mwisho, mrithi alifumbua macho, akaomba maji.

"Nenda, mama, giza limeshaingia," Bibi alisema, akiokota nyuzi sakafuni. "Hizi niachie mimi."

Akaingia chumba cha ndani, nami nikamfunga tena binti yangu mgongoni. Alirudi na kimto kidogo, akakiweka kati ya mgongo wangu na shavu la binti yangu. "Alale vizuri njiani."

Tulipofika nyumbani, binti yangu hakutaka kukiachia kile kimto. Alikuwa wa moto. Nikainama kumbusu.

Harufu ya manyoya yaliyolowa.

Nilikichana kimto kwa meno. Nyuzi za manjano zikamwagika kitandani, zikajikunja zenyewe taratibu... zikawa kichwa.

Kikamgeukia mwanangu.

Nilizitia zote motoni. Labda Bibi alichanganyikiwa, nilijiambia. Labda ni wafanyakazi wake. Mtu mwema vile!

Nikakaa nimempakata hadi alfajiri, mlango ulipogongwa. Alikuwa mtumishi wa jumba, na chupa ya maziwa ya moto.

"Bibi anakupa pole ya msiba," alisema, macho chini. "Anauliza mnazika saa ngapi."

Binti yangu alikuwa bado anapumua kifuani pangu.