Majaruba ya Juu na Majaruba ya Chini

Ilikuwa Jumatano, saa moja asubuhi, katikati ya Januari. Jua lilikuwa kali tayari, na anga ya kijiji cha Mwamkulu haikuwa na wingu hata la kumdanganyia mtoto.

Romana alikuwa amechutama mbele ya kitalu chake cha mpunga. Miche ilikuwa imefikisha wiki tatu. Ilikuwa ya kijani, imesimama vizuri, na wakati wake wa kuhamishiwa kwenye majaruba, vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta, ulikuwa umefika. Lakini mvua haikuwa imenyesha tangu Mwaka Mpya.

Kasilda alipita, jembe begani. Yeye ndiye kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaosaidiana kupandikiza mpunga kwa zamu.

"Mama Faith, kesho zamu ni yako. Tuje, tusije?"

"Nitakujibu jioni."

"Jioni isipite. Ukisema hapana tunakwenda kwa wengine, na zamu yako itarudi mwezi ujao."

Mwezi ujao miche itakuwa imezeeka. Mche uliozeeka hautoi machipukizi mengi, na mavuno yake ni haba. Mavuno hayo ndiyo chakula cha nyumba nzima. Yote hayo Romana aliyajua. Hakujua ajibu nini.

Mumewe, Ignasi, alirudi akipiga mluzi.

"Nimetoka shambani. Maji yapo. Kasilda aje na watu wake wote, tupande kila jaruba."

"Maji yapo kweli?"

"Angalia miguu yangu, tope tupu. Na mvua itanyesha wiki hii hii. Mimi naijua."

Hajakaa sawasawa, mama yake, bibi Suzana, akaingia uani akijikongoja na fimbo.

"Na mimi nimetoka shambani," alisema. "Ardhi imepasuka, mguu unazama mzima kwenye ufa. Mwaka huu hakuna kitu. Hiyo miche wapeni ng'ombe, angalau washibe wao."

"Mama, umeota," Ignasi alisema.

"Nimeota nikiwa natembea? Wewe tangu utoto unaona mazuri tu. Uliugua surua ukasema ni joto."

"Na wewe siku ya harusi yangu ulisema turubai litaanguka."

"Kwani halikupinda?"

Romana alicheka, kisha akaacha kucheka. Shamba ni moja, na asubuhi ni ile ile. Mmoja ameona maji, mwingine ameona nyufa, na hakuna aliyekuwa mwongo kati yao. Akimwangalia mumewe, alitamani kumkimbilia Kasilda na kusema ndiyo. Akimwangalia mkwewe, moyo ulirudi nyuma. Mwishowe alimpigia simu Jeniffer, afisa kilimo wa kata. Watu walimwita bwana shamba, ingawa ni mwanamke.

Jeniffer alifika kwa pikipiki saa nne. Aliwasikiliza wote, kisha akauliza, "Mlipita njia gani?"

"Ya mtoni," Ignasi alijibu. "Nilipeleka maksai kunywa maji."

"Mimi barabarani," Suzana alisema. "Mtoni kunateleza, na magoti haya si ya kuchezea."

"Uliona majaruba mangapi, bibi?"

"La kwanza. Lilinitosha. Nikageuka."

"Na wewe, Ignasi?"

"Ya chini. Nilipoona maji, ningetafuta nini tena huko juu?"

"Basi twendeni. Leo mtabadilishana njia."

Ignasi alishuka kutoka barabarani. Majaruba ya juu yalikuwa makavu. Alitia kidole kwenye ufa, kikazama chote. Mluzi ulikoma.

Romana alimshika mkwewe mkono, wakapita mtoni polepole. Majaruba ya chini yalikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu.

"Mh," Suzana alisema. Alitazama tena, akasogea karibu. "Lakini maji haya yanatoka. Panya wametoboa tuta, oneni hapo."

Ignasi alikuwa amepita hapo mara nyingi. Hakuwahi kuliona tundu hilo.

"Kuwa na matumaini si kosa," Jeniffer alisema. "Kuwa na wasiwasi si kosa. Bibi ameliona tundu kwa sababu ana wasiwasi. Kosa ni kuona upande mmoja na kusema umeona shamba zima."

"Sawa," Romana alisema. "Sasa mvua itanyesha, au haitanyesha?"

"Sijui."

"Bwana shamba mzima hujui?"

"Nasikiliza utabiri kama nyie. Wanasema huenda ikawa haba. Huenda. Kwa hiyo fanyeni kazi itakayowafaa ikija na isipokuja. Zibeni tuta leo. Kesho pandikizeni majaruba ya chini tu. Huko juu, mvua ikirudi kidogo, pandeni choroko. Haihitaji maji mengi, na inakomaa mapema."

Romana alikuwa ametaka ndiyo au hapana. Amepewa vyote viwili. Alirudi nyumbani bado ana mashaka, akaenda kwa Kasilda kabla ya jua kuzama.

"Njooni. Ila ni majaruba ya chini tu."

"Hiyo ni nusu ya ndiyo," Kasilda alisema.

"Ndiyo niliyo nayo."

Mvua ilirudi mwezi Februari, kidogo kidogo. Mpunga wa chini ulisimama. Majaruba ya juu yalitoa choroko. Ghala halikujaa, lakini nyumba haikulala njaa.

Kasilda alikuwa amekwisha kukipeleka kikundi chake kwenye zamu nyingine. Jeniffer alikuwa amewasha pikipiki siku ile ile, akaenda Ilembo kwa familia iliyokuwa ikibishana vivyo hivyo. Msimu mzima Ignasi alikagua matuta kila wiki, akayaziba. Suzana alikuwa amepanda choroko kwa mkono wake huku akisema haitaota. Romana alichagua mbegu za msimu ujao, akazitundika juu ya jiko. Mvua ya msimu huo ingekuwaje, hakujua.