Risiti ya Saa Tatu na Dakika Kumi

Ujumbe uliingia saa mbili na nusu asubuhi: "Mpira mmoja. Mpya. Na risiti."

Kufuli aliusoma, akaufuta, akawasha Yamaha yake.

Pale Mamlaka ya Kulinda Walaji walimwita Kufuli kwa sababu hakuna kufuli lililowahi kumshinda. Miezi sita nyuma aliingia ghala la Bwana Glavu, muuza vifaa vya gesi, kupitia dirishani, akatoka na mipira ya gesi kumi na miwili, ile ya kuunganisha mtungi na jiko. Mipira mikuukuu, imepakwa rangi upya na kugongwa muhuri wa mwaka huu. Jaji aliuliza swali moja tu, "Mliipataje?", na kesi ikafa pale pale. Mamlaka haina ruhusa ya kuiba, hata kwa mwizi.

Mipira ikaendelea kuuzwa. Mwezi uliopita mmoja ulivuja jikoni kwa shangazi yake, yule aliyemlea, na moto ukamuunguza mikono yote miwili. Kufuli hakumwambia mtu, lakini moyoni alijua ule moto aliuwasha yeye, siku aliyoruka lile dirisha.

Leo hakuna dirisha.

Saa sita kamili malori matatu yangeondoka na mipira elfu tisa, kila lori na njia yake, na baada ya hapo nani angeikusanya? Mamlaka haikuwa na nguvu ya kuyazuia. Mahakama ilikuwa nayo. Ila ilitaka mpira ulionunuliwa kama mtu yeyote anavyonunua, kaunta ya mbele, mchana kweupe.

Duka lilikuwa ubavuni mwa ghala. Kamera ilikuwa kwenye kifungo cha pili cha shati. Muuzaji, kalamu sikioni, alitaja bei.

"Sawa," Kufuli alisema, akatoa hela.

Muuzaji aliacha kufunga mpira. Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

Kufuli alitamani kujizaba kofi. Miaka kumi na moja ya upelelezi, halafu anasahau kuomba punguzo! Nani ananunua kitu bila kuvutana? Askari, basi.

"Hebu ngoja," alisema, akizirudisha hela mfukoni. "Bei hiyo ni pamoja na jiko?"

"Mpira tu, kaka."

"Punguza bwana. Mke wangu akiisikia bei hii nalala nje."

"Mwambie vitu vimepanda."

"Mwambie wewe, mimi namwogopa."

Walivutana dakika tatu nzima. Muuzaji alishusha kidogo, akacheka, mabega yakalegea.

"Na risiti," Kufuli alisema.

"Risiti ya mpira?"

"Umeoa, kaka?"

"Nimeoa."

"Sasa unaniuliza nini?"

Muuzaji aliandika tarehe, bidhaa, na saa: tatu na dakika kumi. Kufuli akalipa, muuzaji akagonga muhuri. Alikuwa anaichana kitabuni pale mlango wa nyuma ulipofunguka, akaingia mtu wa makamo mwenye glavu nyeupe. Bwana Glavu hakuwahi kugusa bidhaa zake mikono mitupu. Wala hakusahau sura aliyoiona mahakamani.

"Huyo asitoke," alisema taratibu.

Kufuli alikuwa ameshachukua mpira na risiti, ameshatoka.

Alitumbukiza mpira na risiti kwenye mfuko wa ushahidi, akaubana kwa lakiri yenye namba, akauingiza ndani ya koti. Lakiri ikikatika, kesi imekufa tena.

"Wakili, nimenunua," alisema kwenye kipaza sauti cha helmeti. "Nafuatwa."

"Na wangapi?" Sauti ya mwanasheria wa Mamlaka haikupanda hata kidogo.

"Pikapu moja."

"Jaji anaingia saa nne. Usichelewe."

"Mimi sijambo, ahsante kwa kuuliza."

Pikapu ilimgonga kwenye mzunguko wa pili.

Yamaha ilikwenda upande wake, yeye upande wake. Angeweza kujikinga kwa mikono miwili. Aliikumbatia lakiri, akaangukia bega, na bega likateguka. Milango ya pikapu ilifunguka. Kufuli aliinuka akakimbilia karakana ya samani, katikati ya makabati yasiyo na milango.

"Samahani, fundi."

"Pita, pita," fundi alisema bila kuacha kupiga randa, na Kufuli akatokea mlango wa nyuma.

Saa nne kasoro dakika tano aliweka mfuko mezani kwa Wakili. Lakiri ilikuwa nzima.

Jaji alikuwa yule yule, na swali lile lile. "Mliupataje?"

"Tuliununua, Mheshimiwa," Wakili alisema, akiinua risiti. "Na punguzo tukapewa."

Mtaalamu wa maabara alikata lakiri mbele ya jaji, akaziba mpira upande mmoja, akapuliza hewa kwa pampu, akauzamisha kwenye beseni la maji ya sabuni. Mapovu yalitoka sehemu saba. Jaji aliyahesabu mwenyewe, kisha akashika kalamu. Mipira yote isiuzwe wala isisafirishwe. Iliyouzwa irudishwe kwa gharama ya muuzaji, na umma utangaziwe leo hii. Madai ya fidia ya waliounguzwa yatasikilizwa wiki ijayo.

Saa sita kasoro dakika nane, lori la kwanza lilikuwa linanguruma getini Kufuli alipofika na amri.

"Karatasi haina mikono," Bwana Glavu alimwambia dereva. "Ondoa gari."

Kufuli alipanda ngazi ya lori kwa mkono mmoja mzima, akasoma amri dirishani kwa sauti. Atakayesomewa akaikaidi, atafungwa.

Dereva alikunja uso. "Mipira gani?"

"Ya gesi. Yote uliyobeba. Inavuja."

Dereva aligeuka kuutazama mzigo nyuma.

"Jana walinipa mmoja," alisema. "Nimempelekea mama."

Alizima injini. Akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na getini hakuna aliyesogea.

"Mama? Umeshawasha jiko?" Alisikiliza. "Usiwashe. Funga gesi, fungua madirisha, utoke nje. Mama, usiniulize, toka tu."

Alilaza kichwa kwenye usukani. Kisha akachomoa ufunguo, akaupitisha dirishani, akauweka mkononi mwa Kufuli. Nyuma yake injini mbili zilizimika, moja baada ya nyingine.

Bwana Glavu alitakiwa kusaini kwamba ameipokea amri. Kalamu iliteleza kwenye glavu, ikateleza tena, akazivua. Mikono yake ilikuwa laini, haina hata kovu. Kufuli aliitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Unanidai nini wewe?" Bwana Glavu alimuuliza.

"Risiti umenipa. Sikudai kitu."

Alikunja nakala yake, akatoka getini polepole, akampigia binamu yake.

"Shangazi amekula?"

"Amekataa. Anasema anakusubiri wewe umlishe."

"Mwambie nakuja," alisema, akakata simu, akavuka barabara kwa miguu.