Klabu ya Robota

"Inatangazwa kwa wanafunzi na wazazi wote kwamba ufagio wa Klabu ya Robota hautaazimwa tena kwa madarasa mengine."

Mkuu wa shule aliyasoma hayo mstarini kwa sauti ya kutoa hukumu, kisha tangazo likatumwa kwa wazazi kwa simu. Yeye hakugundua kwamba roboti imeandikwa robota, yaani mzigo uliofungwa.

Ufagio huo ulimhusu mtu mmoja. Zamda, wa kidato cha pili, ndiye pekee aliyebaki katika klabu. Wenzake waliacha mmoja mmoja baada ya kushindwa mashindano ya mkoa. Rafiki yake Ummy aliacha wa mwisho, na baada ya tangazo lile alimwita mpagazi.

Kila jioni Zamda alifagia chumba, akawasha kigari kinachojiendesha, akakitazama kikifuata mstari mweusi sakafuni hadi konani, ambako kilipotea njia. Wiki hiyo ilimpasa kuchagua: masomo ya sayansi, au ya sanaa pamoja na Ummy.

Baba yake, Mzee Shomari wa Kanyenye, alikuwa akishona marobota ya tumbaku ghalani tangu ujana wake. Alifika shuleni amekunja uso, akamweleza Mwalimu Levina, msimamizi wa klabu, kwamba hakumleta binti shule ili afunge marobota bila ujira. Mwalimu alimwomba radhi kwa herufi moja, akampeleka chumbani.

Kigari kilipotea konani mbele yake. Zamda akapiga magoti, akashusha jicho la kigari karibu na sakafu, akajaribu tena. Kikapotea tena, ila mbele kidogo.

"Wenzako wako wapi?"

"Wameacha, baba."

"Na wewe unabakia nini? Sema kweli."

Ingekuwa rahisi kujibu kwamba atakuwa mhandisi. "Uhandisi sijui, baba. Fizikia yenyewe nimepata D. Ila kikipotea, nataka kujua kwa nini."

Mzee Shomari alikitazama kigari kwa muda. "Basi isome hiyo fizikia."

"Kigari hakitakupa kazi wala akili," alisema Mwalimu Levina. "Kimekuonyesha tu swali usilochoka kuliuliza. Chagua masomo kwa hilo, si kwa kutazama nani atakaa karibu nawe. Na ujue utasoma sana, mara nyingi peke yako."

Zamda alichagua sayansi.

Ijumaa, uongozi wa shule, baada ya kutafakari kwa kina hali ya klabu, uliamua kuihamishia kwenye ukumbi wenye viti sitini.