Kiti cha Bruno

Haya yalimpata Hippolyte, rafiki yangu wa Kasongo, mtu asiyejua kutunga uongo. Alimwomba Bruno, ambaye walikua pamoja, amwekee antivirusi kwenye kompyuta yake ya michezo. Bruno akaweka, akiwa amekaa kwenye kiti cha mbao alichozoea kukalia kila anapomtembelea. Wiki mbili baadaye Hippolyte akagundua kwamba Bruno alijifungulia humo akaunti ya siri, na kila ujumbe aliomwandikia mke wake, Bruno alikuwa akiusoma.

Akampigia simu. "Bruno, miaka yote hii unakulaka kwangu."

"Ndugu yangu, nisamehe. Niko Wamaza, kesho nitakuya tuongee."

"Usiingie tena kwangu hata siku moja."

Alasiri hiyo akafuta ile akaunti, akabadili neno la siri, akachomoa modemu. Mvua ikaanza, chumba kikawa giza. Akavaa kaske, vile vipokea sauti vya masikioni, ili acheze. Kabla mchezo haujafunguka, sauti ikasema sikioni, polepole, "Hodi."

Kwa mazoea akajibu, "Karibu."

Ndipo akaona waya wa kaske umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Nyuma yake, kile kiti cha mbao cha Bruno kikalia, kama kinavyolia kila mara Bruno anapokaa.